Kama matangazo hayabadilishi kura Marekani, mabilioni yale yanalipia nini?

#1 Kibatari
Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka 2020 Michael Bloomberg alimwaga zaidi ya dola milioni 500 kwenye matangazo, na hapo alikuwa anatafuta tiketi ya Democratic tu, Ikulu bado. Tarehe 3 Machi majimbo 14 yakapiga kura ya mchujo kwa mpigo. Sehemu pekee aliyoongoza ni American Samoa, visiwa huko Pasifiki. Kesho yake akajitoa.

Mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya uwandani. Wakakuta kwamba kwenye uchaguzi mkuu, wastani wa athari ya kumshawishi mtu abadili mgombea ni sifuri. Sijasema ndogo. Sifuri.

Hoja yangu: mawasiliano ya kisiasa na vyombo vya habari Marekani havibadilishi maoni ya watu. Kila mtu anakuja na chama chake toka nyumbani. Anayepinga alete hoja, matusi hapana.

#2 SitiYaMbele
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Mnunuzi wa Hewa
Kibatari, umechanganya mafaili. Majaribio mengi kati ya hayo 49 ni ya barua za posta, simu na kubisha hodi. TV ni kidogo sana humo. Huwezi kuhukumu televisheni kwa ushahidi wa bahasha.

Kwa TV, soma kazi ya Spenkuch na Toniatti ya 2018. Marekani imegawanywa masoko 210 ya televisheni, na mipaka yake haifuati mipaka ya majimbo wala ya kisiasa. Kwa hiyo unakuta kaunti mbili zinapakana, watu wanafanana, wagombea ni walewale, ila huku wanapata matangazo ya mji huu na kule ya mji mwingine. Linganisha hizo mbili. Walichokuta: matangazo hayaongezi idadi ya wanaojitokeza kupiga kura, ila yanasogeza mgawanyo wa kura kuelekea kwa aliyerusha mengi zaidi. Kidogo, lakini si sifuri.

Na Bloomberg usimtumie vibaya. Pesa ilimpandisha hadi kwenye asilimia 15 hivi za kura za maoni ndani ya miezi mitatu, mtu ambaye alikuwa bado hajashiriki mdahalo hata mmoja. Kilichomwangusha ni mdahalo wa Las Vegas, 19 Februari, mgombea mwenzake Elizabeth Warren alipomkaanga mbele ya watazamaji karibu milioni 20. Hata huo nao ni mawasiliano, au?

#4 Bi Takwimu
Naongezea #3 kipande ambacho watu huwa wanakiruka: muda.

Mwaka 2006 kampeni ya gavana Rick Perry wa Texas iliruhusu watafiti wapange kwa bahati nasibu tangazo lianze lini na kwa uzito gani katika kila soko. Takriban dola milioni 2 za matangazo, huku simu zikipigwa kila siku kuuliza watu wanampa nani. Matokeo: tangazo lilimpandisha Perry kwa nguvu wiki lilipokuwa hewani. Wiki moja baadaye faida ilikuwa imeyeyuka.

Sasa jibu swali la kichwa cha uzi. Mabilioni yanalipia *wiki ya mwisho*, na kwa kuwa hakuna anayejua mpinzani ataacha lini kurusha, kila upande unalipa wiki zote. Ni kama kujaza maji kwenye pakacha.

#5 Jongoo Mwekundu
Nyie mnatafuta mchawi mbali. Washauri wa matangazo kwa desturi walikuwa wanachukua kamisheni ya asilimia 15 ya muda wa hewani wanaonunua. Siku hizi mikataba mingi imeshushwa, lakini msingi ni uleule: ukinunua zaidi, unapata zaidi. Kwa dola milioni 10, milioni 1.5 inabaki mfukoni kwa mtu yuleyule anayemwambia mgombea "mkuu, tuongeze". Hapo mnahitaji nadharia gani tena?

#6 Kibatari
Jongoo leo umeamkia upande mzuri. Nakubaliana nawe.

#7 Mnunuzi wa Hewa
Jongoo, kamisheni ipo, ila haielezi kila kitu. Tuwe na adabu na hesabu.

Wanunuzi wanahesabu kwa pointi. Pointi 1 ni asilimia 1 ya walengwa kuliona tangazo mara moja. Ukisikia kampeni imeweka pointi 1,000 kwa wiki kwenye soko fulani, maana yake mtazamaji wa wastani ataliona mara 10. Wastani huo ndio mtego: bibi anayeacha TV wazi kutwa nzima ataliona mara 40, na kijana asiye na kebo hataliona kabisa. Chini ya kiwango fulani unatupa pesa kwa sababu hakuna anayekumbuka, na juu yake unarudia kwa watu walioshaamua.

Halafu bei. Mgombea wa kiti cha shirikisho anayo haki kisheria ya kulipa bei ya chini kabisa ya kituo, siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Super PAC, yaani vikundi vya nje vinavyotumia pesa bila kikomo kumpigia debe mgombea ila kwa kujitegemea, hazina haki hiyo. Zinalipa bei ya sokoni, na Oktoba kwenye jimbo la ushindani bei hiyo inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya mgombea kwa sekunde 30 zilezile, kipindi kilekile. Kwa hiyo ukisikia "upande huu umetumia dola milioni 100 na ule 70", usikimbilie kusema wa kwanza ameonekana zaidi. Uliza kwanza pesa ni ya nani.

Na kingine: kituo hakiruhusiwi kukata wala kuhariri tangazo la mgombea mwenyewe, hata kama limejaa uongo, na kwa sababu hiyo hakishtakiwi kwa kashfa. La super PAC kinaweza kulikataa, na kikilirusha kinaweza kubeba lawama. Ndiyo maana tangazo baya likitoka, kitu cha kwanza mawakili wa mpinzani wanafanya ni kuandikia vituo barua ya kutaka liondolewe. Nusu ya vita vya matangazo ni barua hizo.

#8 Mtukutu
Mwalimu, mtihani lini?

#9 Nahodha wa Jahazi
Naona wote mnaangalia mpigakura. Mimi nasema tangazo zuri halimlengi mpigakura, linamlenga mhariri.

Chukua tangazo la msichana na ua la 1964, kampeni ya Lyndon Johnson. Mtoto anachuma petali na kuhesabu, anakosea namba kama watoto wanavyokosea. Ghafla sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma, kamera inaingia ndani ya jicho la mtoto, bomu la nyuklia linalipuka. Dakika moja. Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halitajwi popote. Lilirushwa kwa kulipiwa mara moja tu, NBC, tarehe 7 Septemba. Republican wakalalamika, taarifa za habari zikalionesha bure kueleza kwa nini wanalalamika. Kazi ikaisha.

Vilevile 2016: kufikia Machi tu, kampuni moja ya vipimo ilikadiria Donald Trump amepata muda wa bure kwenye vyombo vya habari wenye thamani ya karibu dola bilioni 2. Wapinzani wake walikuwa wananunua kile ambacho yeye alikuwa anapewa.

#10 Mpima Upepo
Nahodha, tangazo la ua ni tamu kusimulia, lakini Johnson alikuwa anaongoza kwa mbali kabla halijarushwa. Alimaliza na asilimia 61.1. Huwezi kumpa sifa jogoo kwa sababu kumekucha.

#11 Mtukutu
Basi mimi nawaletea ambayo hamtaipangua. Mdahalo wa wagombea urais Kennedy na Nixon, Chicago, 26 Septemba 1960. Waliosikiliza redioni walisema Nixon kashinda, waliotazama TV wakasema Kennedy. Nixon alitoka hospitali na goti bovu, kakonda, suti ya kijivu imemezwa na ukuta, kakataa vipodozi. Kila kitabu kinasema. Na mtangazaji wa habari wa TV Walter Cronkite 1968 aliposema vita ya Vietnam imekwama, Johnson akasema nikimpoteza Cronkite nimewapoteza Wamarekani. Picha moja, sentensi moja, nchi inageuka.

#12 Mpima Upepo
Mtukutu, umeleta vyungu viwili na vyote vina nyufa.

Hadithi ya redio inasimama karibu yote juu ya kura ya maoni moja ya kampuni ya Sindlinger. Watu zaidi ya 2,000 walihojiwa, waliosikiliza redioni walikuwa 282. Mwaka 1960 nani alikuwa hana TV? Zaidi watu wa vijijini, Waprotestanti, ambao mgombea Mkatoliki kama Kennedy walikuwa hawamtaki hata kabla hajafungua mdomo. Hujapima redio hapo, umepima dini.

Cronkite: matangazo yalikuwa 27 Februari 1968 usiku. Johnson jioni ile alikuwa Austin, Texas, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya gavana John Connally, si mbele ya TV. Na kura ya maoni ya Gallup ya Oktoba 1967, miezi minne kabla, ilishaonesha asilimia 47 wanasema kupeleka majeshi lilikuwa kosa dhidi ya 44. Umma ulitangulia, mtangazaji akafuata.

#13 Bi Takwimu
Kwa Cronkite nakuunga mkono. Kwa Nixon umeenda haraka. Mwaka 2003 James Druckman alichukua watu wasioujua mdahalo ule, akawagawa kwa bahati nasibu: hawa wasikilize, hawa watazame. Waliotazama walimpa Kennedy zaidi kuliko waliosikiliza. Kwa hiyo ushahidi wa 1960 ulikuwa mbovu, lakini jambo lenyewe linaweza kuwa kweli. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#14 Mtukutu
Nimepigwa kimoja, nimerudisha kimoja. Sare.

#15 Mswahili wa Likoni
Wadau, hamjambo. Naona hakuna aliyegusa kebo. Wanauchumi DellaVigna na Kaplan walitazama jinsi Fox News, chaneli ya habari yenye mlengo wa Republican, ilivyoenea kuanzia Oktoba 1996. Haikufika kila mji kwa pamoja, ilitegemea kampuni ya kebo ya hapo imekubaliana nayo au la. Wakalinganisha miji zaidi ya 9,000: iliyoipata kabla ya 2000 na ambayo haikuipata. Republican waliongezeka pointi za asilimia 0.4 hadi 0.7 kwa kura za rais.

Mtu atasema 0.4 ni nini. Florida mwaka ule iliamuliwa kwa kura 537, kati ya takriban milioni 6.

#16 Jongoo Mwekundu
Hiyo nayo ina shimo. Mwenye mlengo ule ndiye anayekaa mbele ya chaneli ile. Unamhubiria aliyeokoka.

#17 Mswahili wa Likoni
Ndugu yangu, ndiyo maana walilinganisha miji, si watazamaji. Na kuna jaribio linalokata hoja hiyo moja kwa moja: Septemba 2020 Broockman na Kalla (walewale wa #1!) waliwalipa watazamaji wa Fox dola 15 kwa saa watazame CNN kwa mwezi mmoja, na wakawapa maswali ya kuhakikisha kweli wametazama. Hao ni watu waliookoka haswa. Mwisho wa mwezi walikuwa wanajua mambo tofauti kuhusu korona, na walianza kuona kwamba chaneli yao inaficha mabaya ya Trump.

#18 Kibatari
Na baada ya hapo? Malizia.

#19 Mswahili wa Likoni
Baada ya hapo malipo yakaisha, wakarudi Fox, na miezi miwili baadaye mengi yalikuwa yamefutika. Nilijua utauliza.

#20 Kibatari
Pakacha la Bi Takwimu hilo. Naomba iwekwe kwenye kumbukumbu.

#21 Nahodha wa Jahazi
Lakini Kibatari, hujaona kwamba wewe mwenyewe umelibana swali? Umeuliza kama mtu anabadili *upande*. Kazi kubwa ya habari haipo hapo. Ipo kwenye kuamua tunabishania nini.

McCombs na Shaw, Chapel Hill, North Carolina, 1968: waliwauliza wapigakura 100 ambao hawajaamua ni mambo gani yanawasumbua, halafu wakapima vyombo vya habari vya eneo lile vimeyapa nafasi mambo gani. Orodha mbili karibu pacha. Utasema labda habari ndizo zilizowafuata watu. Sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Iyengar na Kinder wakafanya jaribio New Haven: waliwaita wakazi watazame taarifa ya habari kwa siku kadhaa, kumbe imehaririwa. Kundi moja linapachikiwa habari za udhaifu wa jeshi, jingine la uchafuzi wa mazingira. Hakuna habari iliyodanganya, zimechaguliwa tu. Waliopewa za jeshi waliona jeshi ndilo tatizo kubwa, na wakampima Rais Carter kwa kipimo hichohicho.

Huyo hajabadili chama. Amebadilishiwa mizani. Kwenye majaribio ya #1 atahesabiwa sifuri.

#22 Mpima Upepo
Hapo sina ubishi. Naongeza kwamba hata hayo "maoni ya umma" tunayoyapima yanategemea swali limevaa nguo gani. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa jamii wa Marekani, katikati ya miaka ya 1980, uliuliza kama serikali inatumia pesa kidogo mno. Kundi moja la wahojiwa lilisomewa neno "welfare", yaani ruzuku za serikali kwa wasiojiweza: waliosema kidogo mno walikuwa robo au pungufu. Kundi jingine lilisomewa "msaada kwa maskini": zaidi ya asilimia 60. Mfuko ni uleule. Frank Luntz, mshauri wa Republican wa mambo ya maneno, alijenga kazi yake juu ya hilo, ndiye aliyewahimiza Republican waite kodi ya mirathi "kodi ya kifo".

Kwa wanaosoma kura za maoni humu: mkiona watu 1,000 na makosa ya asilimia 3, hiyo 3 ni ya kila mgombea. Pengo kati yao lina makosa karibu mara mbili. "Anaongoza kwa 4" ni kusema hatujui. Na 2016 kilichoharibu kura nyingi za majimbo ni uzani: wenye shahada hupokea simu na kujibu zaidi, na makampuni mengi ya majimboni hayakurekebisha kwa elimu. Wazungu wasio na shahada wakapungua kwenye sampuli, na hao ndio ngome ya Trump. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa pamoja ziliamuliwa kwa kura pungufu ya 78,000.

#23 Mtukutu
Na Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni kwa data, je? Hao si walisoma akili za watu?

#24 Mswahili wa Likoni
Hao hata huku Kenya walifanya kazi, 2013 na 2017. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza iliwanasa wakubwa wake kwa kamera ya siri wakijitapa. Data za hadi watu milioni 87 wa Facebook zilichukuliwa isivyo halali, hilo halina mjadala. Lakini mdhibiti wa data wa Uingereza alipofunga uchunguzi 2020, alieleza kwamba mbinu zao zilikuwa zilezile za kawaida zinazopatikana sokoni. Majigambo mbele ya mteja ni tangazo kama tangazo jingine.

#25 Jongoo Mwekundu
Kamisheni!! Nilisema.

#26 Bi Takwimu
Kitu kinachofanya kazi hakina uchawi, na kinakera. Michigan, mchujo wa Agosti 2006. Gerber, Green na Larimer walituma barua za aina nne. Iliyo kali zaidi ilikuwa na jedwali: jina lako, majina ya majirani zako, nani alipiga kura chaguzi zilizopita na nani hakupiga, na ahadi kwamba baada ya uchaguzi litatumwa jingine lililosasishwa. Marekani rekodi ya kupiga kura ni ya wazi, ila uliyempigia ni siri. Wasiopata barua walijitokeza asilimia 29.7. Waliopata hiyo, 37.8. Pointi 8 kwa bahasha moja.

Tatizo: watu wanakasirika kuanikwa mtaani, na jina la mtumaji likiwa la mgombea, hasira zinamwendea yeye. Ndiyo maana siku hizi wanalainisha, wanaandika "asante kwa kupiga kura 2022" badala ya jedwali la aibu. Nguvu inapungua, malalamiko pia.

#27 Kibatari
Dada, hiyo ni kujitokeza, si kubadili maoni. Hoja yangu bado imesimama. Na ushahidi wangu mwingine: 2016 majimbo yote 34 yaliyochagua seneta yalikipa kiti hicho chama kilekile kilichoshinda urais pale. Haikuwahi kutokea. Watu wanapiga chama.

#28 Nahodha wa Jahazi
Umechagua mwaka unaokufaa. 2024 Trump alishinda Arizona, Nevada, Michigan na Wisconsin, na zote nne zikachagua seneta wa Democratic. Na hata hiyo ya 2016 ina maelezo ya kihabari: magazeti zaidi ya 3,000 yamefungwa Marekani tangu 2005, mengi ya wiki, ya mitaani. Gazeti la kaunti likifa, habari za seneta wako zinakuja kupitia Washington tu, na huko rangi ni mbili tu, za vyama.

#29 Mnunuzi wa Hewa
Inakubaliana na Sides, Vavreck na Warshaw, waliochambua 2000 hadi 2018: matangazo yana nguvu zaidi kwenye nafasi za chini kuliko urais, kwa kuwa mgombea wa ugavana au Kongresi hajulikani. Shida ni jiografia. Anayegombea ubunge kusini mwa New Jersey analazimika kununua soko la Philadelphia, analipia macho ya watu wa Pennsylvania na Delaware wasioweza kumpigia. Wengi wanaikimbia TV, wanarudi kwenye bahasha.

#30 Mtukutu
Mjadala wa Biden na Trump, 27 Juni 2024, Atlanta, watazamaji milioni 51. Kura za maoni zilisogea pointi mbili hivi. Tarehe 21 Julai Biden kajitoa. Kibatari, hiyo nayo sifuri?

#31 Kibatari
Hiyo iliwatisha viongozi wa chama na wafadhili. Umma ulisogea pointi mbili, umesema mwenyewe.

#32 Nahodha wa Jahazi
Na hao viongozi walitishwa na nini kama si kuamini kwamba umma utasogea? Tunazunguka mbuyu.

#33 Msomaji Mgeni
Asanteni wakuu. Swali dogo: hizo bei za #7 mtu wa kawaida anaziona wapi?

#34 Mnunuzi wa Hewa
publicfiles.fcc.gov, tovuti ya FCC, mdhibiti wa utangazaji wa Marekani. Andika jina la kituo, mfano WPVI ya Philadelphia. Ingia faili la siasa, chagua mwaka, halafu shirikisho kwa wagombea au matangazo ya hoja kwa super PAC. Utakuta PDF: kipindi, saa, idadi, bei ya kila tangazo. Mitego miwili. Oda hurekebishwa, na kila marekebisho huwekwa kama faili jipya, usiyajumlishe. Na oda ni nia tu: tangazo likirukwa kwa sababu ya habari za dharura, pesa hurudishwa. Tafuta ankara, ndiyo inayoonesha kilichorushwa kweli.

#35 Jongoo Mwekundu
Kamisheni imeandikwa humo?

#36 Mnunuzi wa Hewa
Kwenye ankara nyingi, ndiyo. Mstari wa chini, kati ya jumla na kiasi halisi.

#37 SitiYaMbele
Karanga zimeisha. Endeleeni, nakuja.